Maswali ya Wasomaji: Matangazo Yanatafuta Nini Moyoni Mwetu?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu matangazo ya biashara wanayokutana nayo redioni, kwenye runinga, barabarani na katika simu zao. Barua zilizotufikia ni za watu wa umri na kazi mbalimbali, lakini nyingi zinarudia swali moja: inakuwaje mtu mzima mwenye akili timamu asikie tangazo leo, kisha atake kitu ambacho jana hakukihitaji? Tumechagua barua nne na kuzijibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Ndugu Mhariri, nakusalimu. Ninafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini tangazo la soda halisemi chochote kuhusu soda yenyewe, bali linaonyesha vijana wakicheka na kukumbatiana ufukweni. Je, hayo ni mapambo tu, au kampuni huchunguza kwa makusudi yaliyomo mioyoni mwetu? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, si mapambo. Kampuni kubwa zimekuwa zikichunguza hofu, matamanio na upweke wa wateja wao kwa miaka 100 sasa, na historia ya kazi hiyo inafahamika vizuri.

Zamani matangazo mengi yalieleza bidhaa: sabuni hii inatoa uchafu, kitambaa hiki hakichuji, bei yake ni hii. Mambo yalibadilika pale viwanda vya Marekani vilipoanza kuzalisha vitu vingi kuliko mahitaji ya lazima ya watu, kwa kuwa mtu mwenye viatu tayari alipaswa kupewa sababu nyingine ya kununua viatu, na sababu hiyo ikatafutwa ndani ya nafsi yake. Mwaka 1920 mwanasaikolojia John B. Watson aliondoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na muda si mrefu akaajiriwa na kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson. Watson alifundisha kwamba binadamu huzaliwa na hisia tatu za msingi, yaani hofu, hasira na upendo, na kwamba hisia hizo zinaweza kufungamanishwa na kitu chochote ikiwa viwili hivyo vitatokea pamoja mara za kutosha. Hicho ndicho kinachofanyika ufukweni katika tangazo lenu la soda. Furaha ya kuwa na marafiki ni ya kweli na kila kijana anaihitaji. Chupa inawekwa katikati ya furaha hiyo mara mia, mpaka siku moja kijana aliye peke yake dukani anaiona chupa na moyo wake unachangamka kidogo bila yeye kujua sababu. Mwaka 1968 mtafiti Robert Zajonc alionyesha kuwa hata kule kukiona kitu mara kwa mara peke yake kunatosha kumfanya mtu akipende zaidi, jambo linaloeleza kwa nini tangazo lile lile hurudiwa mpaka tunalikariri.

Mfano ninaouona kuwa wazi kuliko yote ni wa Listerine. Dawa hiyo ilitengenezwa mwaka 1879 kwa ajili ya kuua vijidudu katika upasuaji, lakini miaka ya 1920 wenye kampuni waliamua kuiuza kama dawa ya harufu ya kinywa, wakaligeuza jambo la kawaida la kinywa kunuka liwe kama ugonjwa wa kuaibisha. Tangazo moja la mwaka 1925 linasimulia habari za msichana aliyeitwa Edna. Ni msichana wa kupendeza, na kama wenzake anatamani kuolewa. Wenzake wa rika lake wameolewa au wanakaribia kuolewa, yeye amebaki kuwa msindikizaji wa maharusi, na umri wake unaelekea miaka 30. Kisha msomaji anaelezwa kisa chake: harufu ya kinywa, jambo ambalo mwenyewe hulijui na ambalo hata rafiki yako wa karibu hatakuambia.

Tazama, Mwalimu, jinsi maneno hayo ya mwisho yalivyopangwa. Ikiwa rafiki hatakuambia, basi ukimya wa rafiki zako si ushahidi kwamba uko salama, na kila anayesoma, hata ambaye kinywa chake hakina tatizo lolote, anabaki na shaka isiyoweza kuondolewa na mtu yeyote isipokuwa na ile chupa. Hofu inayotumiwa hapo si ya harufu. Ni hofu ya kukataliwa, ambayo ni miongoni mwa hofu kongwe za binadamu.

Upande wa pili kuna matumaini. Mwaka 1929 kampuni ya American Tobacco ilitaka wanawake wavute sigara hadharani, jambo ambalo jamii ya Marekani ililiona kuwa aibu. Edward Bernays, mtaalamu wa mahusiano ya umma na mpwa wa mchunguzi mashuhuri wa nafsi, Sigmund Freud, alipanga wanawake vijana wawashe sigara katika maandamano ya Pasaka jijini New York, na magazeti yakaelezwa kuwa hiyo ni mienge ya uhuru. Haki ya wanawake kuwa sawa na wanaume, ambayo watu walikuwa wameipigania kwa uchungu, ikatwaliwa na kufungwa kwenye kitu kinachoua. Sijui tukio jingine linaloonyesha vizuri zaidi jinsi hitaji tukufu la binadamu linavyoweza kuazimwa na mwuzaji.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayako mbali na hayo. Bia ya Tusker ya Kenya imejulikana kwa maneno "Bia Yangu, Nchi Yangu", na mwaka 2010 tangazo la "Niko na Safaricom" liliwaonyesha waimbaji wakiwa katika mandhari ya kuvutia ya Kenya, likawagusa watu wengi kwa sababu liliwaonyesha nchi yao ilivyo nzuri. Hakuna ubaya wa kuipenda nchi. Linalostahili kuulizwa darasani ni uhusiano uliopo kati ya mapenzi hayo na bia, au kati ya mlima na gharama ya dakika moja ya kupiga simu.

Nakuomba pia uwatoe wanafunzi hofu ya jambo moja. Huenda wamesikia kwamba matangazo huficha ujumbe wa kasi ambao jicho halioni lakini ubongo unautii. Habari hiyo ilienezwa mwaka 1957 na Mmarekani James Vicary, aliyedai kuongeza mauzo ya soda na bisi katika ukumbi wa sinema kwa njia hiyo, na mwaka 1962 alikiri kuwa matokeo aliyoyatangaza hayakuwa ya kweli. Matangazo hayahitaji kujificha. Yanafanya kazi tukiyatazama wazi kabisa.

Wala si kila anayegusa hisia zetu anatudhulumu. Kampeni ya "Malaria Haikubaliki" iliyoanza Tanzania mwaka 2010 iliwatumia wanamuziki na ikagusa upendo wa mzazi kwa mwanawe ili familia zilale ndani ya vyandarua. Vipindi vifupi vya redio vya "Fataki" vilitumia kicheko na aibu dhidi ya wanaume wazima wanaowarubuni wasichana wa shule, na vilifanikiwa kiasi kwamba mwanamume wa namna hiyo huitwa hivyo mpaka leo. Tofauti iko hapa: chandarua kweli kinamlinda mtoto, kwa hiyo upendo ulioguswa unapata ulichoahidiwa.

Darasani jaribu zoezi hili. Chagueni tangazo moja la redio, mlisikilize mara mbili, kisha wanafunzi waandike kila sentensi inayoeleza bidhaa yenyewe, yaani imetengenezwa kutokana na nini, inafanya nini, ni bei gani na inadumu muda gani. Baada ya hapo waandike mtu aliyemo kwenye tangazo anapata nini mwishoni: sifa za mama mkwe, marafiki, mchumba, heshima kazini. Waulizeni kama kuna mtu katika mtaa wao aliyeyapata hayo kwa njia ile.

Mhariri, nina mtoto wa miezi miwili. Tangu nijifungue, simu yangu inaniletea matangazo ya maziwa ya kopo, yenye picha za watoto wanene na maneno kwamba mama mwenye upendo humpa mwanawe kilicho bora. Mwanangu analia sana jioni na nimeanza kuhisi maziwa yangu hayamtoshi. Nifanye nini? — Mzazi, Morogoro

Mama, hongera sana kwa kujaliwa mtoto. Nianze na mtoto kabla ya tangazo. Watoto wengi wa umri huo hulia zaidi nyakati za jioni na hutaka kunyonya mara kwa mara, na kulia huko peke yake si dalili kwamba maziwa hayatoshi. Dalili za kuaminika ni uzito unaoongezeka kwenye kadi ya kliniki na mkojo wa kutosha, angalau nepi sita zilizolowa kwa siku. Mpeleke kliniki akapimwe, na umweleze muuguzi wasiwasi wako wote, kwa sababu yeye anaweza pia kutazama jinsi mtoto anavyolishika titi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo.

Sasa tangazo. Hofu uliyo nayo, kwamba pengine humtoshelezi mwanao, karibu kila mzazi anayo, na biashara hii imeitegemea kwa muda mrefu. Kabla ya miaka ya 1980 kampuni za maziwa ya unga, Nestlé ikiwa kubwa miongoni mwao, ziliajiri wanawake waliovaa sare za kiuguzi wakaingia katika wodi za wazazi na vijiji vya nchi maskini, Kenya ikiwemo, kuzungumza na akina mama na kuwaachia makopo ya bure. Jiweke mahali pa mama aliyejifungua usiku, amechoka, ana uchungu, na asubuhi anafikiwa na mtu mwenye sare nyeupe anayemwambia kwamba kuna kitu cha kisasa cha kumsaidia mtoto. Hakuona mwuza bidhaa, aliona hospitali. Kopo la bure lilipokwisha, mama aliyekuwa na fedha kidogo aliyazimua maziwa kwa maji mengi ili yadumu, na mara nyingi maji yenyewe hayakuwa salama. Watoto waliugua kuhara, wakadhoofu na wengine wakafa. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu jambo hilo, mwaka 1977 watu wa Marekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za biashara ya maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya moja, ile ya Marekani. Kanuni hizo zinakataza maziwa hayo kutangazwa kwa umma na mama kupewa sampuli za bure. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Kuna jambo la mwili ambalo tangazo halikuambii, nalo ndilo linalolifanya kuwa hatari. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mama akiingiwa na hofu akaanza kumpa chupa, mtoto hushiba chupa na kunyonya kidogo, titi nalo likapunguza kazi, na baada ya wiki chache maziwa kweli yanakuwa hayatoshi. Hofu iliyokuja bila sababu inajitengenezea ushahidi, na mama anaamini kwamba tangazo lilimjua kuliko yeye alivyojijua.

Hauko peke yako, mama. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, zikiwemo Nigeria, Afrika Kusini na Moroko, na zaidi ya nusu yao walisema wamefikiwa na matangazo ya kampuni za maziwa hayo, ambayo ni biashara ya dola bilioni 55 kwa mwaka. Simu yako imejua kwamba umejifungua kwa sababu ya yale uliyoyatafuta mtandaoni, makundi ya wazazi uliyojiunga nayo na programu ulizozipakua. Nafasi ya kumfikia mama katika wiki hizo, akiwa macho saa nane za usiku na mtoto analia, ni bidhaa inayouzwa kwa thamani kubwa. Unaweza kugusa tangazo na kuchagua kutoonyeshwa tena, na ni vizuri kujitoa katika makundi ambayo "mshauri wa lishe" wake humalizia kila ushauri kwa jina la kopo.

Wapo akina mama ambao kwa ugonjwa, kwa dawa wanazotumia au kwa sababu nyingine hawawezi kunyonyesha, na wapo watoto waliofiwa na mama zao. Kwao maziwa ya kopo ni msaada, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Uamuzi huo hufanywa pamoja na mtaalamu wa afya aliyempima mtoto.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni bodaboda hapa Mwanza. Redio inamtangaza kijana kama mimi aliyeshinda mamilioni kwa kubeti, mama yake analia kwa furaha. Mikeka yangu, yaani orodha za mechi ninazobashiri, inachanika kila wiki, lakini nikisikia tangazo natamani kujaribu tena. Kwa nini ninajua kwamba napoteza na bado nashawishika? — Kijana, Mwanza

Marahaba, kijana wangu. Unashawishika kwa sababu tangazo halizungumzi na hesabu zako. Linazungumza na hamu yako ya kuwa mtu ambaye nyumbani wanamtegemea, na hamu hiyo ni njema. Ndiyo maana wakamweka mama yule anayelia. Kama wangetaka kukueleza mchezo wenyewe wangekuonyesha karatasi ya hesabu.

Karatasi hiyo ni hii. Mechi moja ina matokeo matatu: kushinda, kushindwa au sare. Mkeka wa mechi 13 una njia 1,594,323 za kujazwa, na moja tu kati yake ndiyo sahihi. Kuujua mpira kunasaidia kidogo, lakini kila mechi unayoiongeza inazidisha ugumu mara nyingine. Tuseme kila njia imechezwa na mtu mmoja, kisha redio iamue kuwa na haki na kumpa kila aliyeshindwa sekunde 30 za kueleza habari zake kama ilivyompa mshindi. Ingewasikiliza usiku na mchana, bila taarifa ya habari wala muziki, kwa siku zaidi ya 550. Akili yetu hukadiria uwezekano wa jambo kwa urahisi wa kulikumbuka, na wewe umesikia sauti ya mshindi mmoja mara nyingi huku walioshindwa hawana anayewatangaza.

Jambo la pili ni mkeka unaochanika kwa mechi moja. Unajisikia umekaribia, na tangazo la kesho yake linaikuta hisia hiyo ikiwa bado ya moto. Lakini mechi za wiki ijayo hazikumbuki kwamba wiki hii ulikosa moja tu.

Kenya iliona uzito wa jambo hili, na tarehe 29 Aprili 2025 bodi yake iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha ilisitisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Wewe usisubiri serikali. Futa programu hiyo, zuia jumbe za ofa wanazokutumia, na mweleze mtu mmoja unayemheshimu ni kiasi gani umepoteza, kwa sababu siri ndiyo inayompa mtu ujasiri wa kujaribu kurudisha. Fedha ya mkeka iingize kwenye upatu wa wenzako wa kijiweni kama wanaaminiana. Humo zamu yako ikifika unapokea ulichochanga, jambo ambalo kampuni ya kubashiri haiwezi kulifanya na ikabaki na ofisi. Ikiwa umejaribu kuacha ukashindwa, au umeshaanza kukopa, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa ukaombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Wanalifahamu tatizo hilo.

Mhariri, binti yangu ana miaka sita. Tukifika dukani analilia biskuti zenye katuni aliyoiona kwenye runinga, mpaka naona aibu mbele za watu. Nimchape, nimnunulie, au nizime runinga? — Baba, Mombasa

Baba, usimchape, kwa kuwa hajafanya kosa. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawajaweza kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi; kwao ni habari ya kweli kutoka kwa rafiki. Katuni ile ni rafiki yake, na anapoililia anamlilia rafiki. Kwa sababu kama hiyo, Quebec nchini Kanada inakataza matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, na Sweden inakataza ya runinga kwa walio chini ya miaka 12. Sisi tunawaachia wazazi mzigo huo, nami naona si haki kwamba mzazi mmoja dukani ashindane na kampuni yenye wataalamu wake.

Kuzima runinga kabisa si lazima, ingawa kupunguza saa za vipindi vyenye matangazo kunasaidia. La muhimu zaidi ni kukaa naye anapotazama. Tangazo likiingia, mwambie wazi kwamba hapa kipindi kimesimama na mwenye duka anazungumza, na baada ya siku chache mwache yeye ndiye akuambie ni wakati gani mwenye duka ameingia na ametoka. Kabla ya kuondoka nyumbani, mweleze mnakwenda kununua nini, na mkubaliane kitu kimoja atakachochagua mwenyewe. Akilia licha ya makubaliano, toka naye nje mpaka atulie, kisha mrudi mmalizie manunuzi yenu.